Hiki, Huyu

Kwa Kiarabu ni dabbaba, kitambaacho.
Sisi tuliokuja kutoka Bujumbura tukakiita kifaru,
na kambi nzima ya Adam hakuna aliyewahi kumwona kifaru mwenye pembe
ila mimi, mara moja, kwenye stempu.

Juzi karakana wakanipigia simu:
Mzee Zahor, njoo utuchomelee milango,
tunakiweka kipilefti, watoto wasije wakaingia.
Nimestaafu miaka kumi na mmoja.
Nikachukua miwani. Ghaniya akasema: na dawa ya presha.

Cha kwanza kilikuja na injini yenye kiburi,
iliyozaliwa nchi ya mvua, ikakutana na Juni yetu.
Moshi wake hata adui kipofu angeuona.
Tulikivuta zaidi ya kilivyotembea.

Cha pili kilibadilishwa injini, kikapewa machujio mawili
yanayojifunga kwa vumbi kama pua za ngamia.
Hilo lilikuwa wazo la Dur Muhamad, Mbaluchi,
alilichora kwa mkaa juu ya boksi la tende
akampa mhandisi mgeni.
Mhandisi akaenda kwao.
Mwaka wa pili wazo likarudi lina namba ya kiwanda,
na bei.

Cha tatu kikapata jicho la leza
lipimalo umbali kabla hujamaliza bismillahi.
Suweid, aliyekuwa akikadiria kwa kidole gumba,
akapelekwa kozi wiki mbili,
kisha akapewa meza ya ofisini yenye droo isiyofunguka.

Cha nne kilivishwa deraya nyingine juu ya deraya,
kikanenepa tani sita, madaraja yakakikataa.
Ndipo kikazaliwa cha kubeba daraja lake mgongoni,
na cha jembe, cha kulima mabomu ya ardhini,
na changu:
hakina mzinga, kina winchi na kreni,
kazi yake kuwafuata wenzake waliokwama.
Vijana wakikiita kifaru aliyekatwa pembe.
Usiku ule wadi iliposhuka
kilivuta lori la maji, pikapu mbili,
na ndani ya pikapu moja mbuzi kumi na saba wa Bi Thuwaiba,
wote wakipiga kelele, naye pia.
Kiliuzwa chuma chakavu, kwa kilo.
Cha kipilefti ni cha pili. Watu hupenda kupigwa picha na mzinga.

Nimo ndani sasa. Harufu ni ileile,
grisi, dizeli, jasho la watu waliokwisha ondoka.
Yaarub, mjukuu wangu, ananishikia taa.
— Babu, hii kifaru ya nani?
— Kifaru hiki, cha nani.
— Hii kiti ya dereva?
— Kiti hiki.
Mama yangu, wa Pemba, alikicheka Kiswahili changu cha ziwani.
Mimi nacheka nini?

Taa ikateleza, ikamulika nyuma ya ukuta wa injini.
Rangi nyeupe, herufi za Kiarabu, mkono wangu.
Yaarub akasoma polepole, kama anayepapasa ngazi gizani:
Du-ri, u-si-ka-ze. Bo-l-ti i-me-li-ka.
— Babu, hii si Kiarabu.
Si Kiarabu. Wakaguzi walisoma Kiarabu,
nasi hatukuwa na bolti nyingine hadi meli ya Machi.
Dur nilimfundisha maneno mia mbili, mengi ya matusi.
Yuko Gwadar. Au hayuko.

Nikainyoosha mkono nikaishika. Bado ilikuwa imelegea.

Tulipotoka jua lilikuwa limefika utosini.
Nikafunga mlango wa dereva,
nikaweka kiganja juu ya chuma, kikaniunguza.
— Huyu amelala, nikasema.
— Hiki, Babu. Hiki kimelala.
Nikashusha barakoa, nikawasha moto.