Furu wa Walukuba

Dume la samawati limeshika kona ya pampu,
chungu kilichovunjika ndiyo ikulu yake.
Jana lilimnyofoa mwenzake pezi la mkia,
na Nangobi, kabla hajavua sare ya zahanati,
akazamisha mkono hadi kiwiko.

Alihamisha mawe yote aliyoyaokota Bujagali.
Kona ikawa uwanja, uwanja ukawa pango.
Kila samaki akaamka mgeni,
mbabe akizunguka, akiutafuta mpaka wake
kama mtu aliyerudi akakuta kiwanja kimeuzwa.

Wiki moja ya amani.

Leo amelisogelea jiwe jekundu,
analipima kwa ubavu, mapezi wima.
Nangobi anakunja tena mkono wa shati.
"Haya bwana," anamwambia,
"mimi wamenihamisha vituo vitatu,
nimemng'ata nani?"