Mwomba Chumvi

Majira ya baridi ya pili baada ya talaka,
hapa Duluth, ambako barafu hukaa ziwani hadi Aprili,
nilibandika picha ya nyumba kwenye mlango wa friji:
nyumba ya buluu, ngazi tatu za mbao,
dirisha linalotazama meli za madini zikiingia bandarini.

Kila alfajiri, kikombe cha kahawa mkononi,
nilifumba macho nikaingia.
Nikavua viatu. Nikatundika koti.
"Usitamani," alitufundisha Colleen katika chumba cha chini cha maktaba,
"aliyenacho hatamani. Shukuru kana kwamba umekwisha pewa."
Nikashukuru. Miezi kumi na minne nikashukuru,
wala sikuuliza ni nani aliyelala
katika chumba nilichokuwa nikikipaka rangi akilini.

Alikuwa Orville Haugen, fundi bomba mstaafu.
Mkewe aliugua. Bili za hospitali zikaila nyumba
ukuta baada ya ukuta, benki ikaja kumalizia mifupa.
Bei ikashuka, ikashuka,
hadi ikafika kimo cha mfuko wangu.
Colleen akapiga makofi darasani: "Mnaona?"
Nami niliona. Nililia kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mwomba chumvi huombea chungu chake, sawa.
Lakini chumvi ile ilikuwa imekwisha tiwa
katika chungu cha mtu, na chungu kilikuwa mekoni.

Wiki ya kwanza, nikisugua mwimo wa mlango wa jikoni,
nikakuta mistari ya penseli:
Joanie, miaka minne. Joanie, sita.
Pete, tisa (amesimama kwa ncha za vidole, haihesabiki).
Mstari wa juu kabisa ulinipita kichwa.
Nikaketi sakafuni, kitambaa kikichuruzika maji.

Sisemi shukrani zangu ndizo zilizompa mama yule saratani.
Nilimuuliza Colleen, "Na yeye, alivutaje?"
"Fikra zake mwenyewe," akasema,
akiendelea kukunja mkeka wake.
Sikurudi tena darasani.

Kamba yangu sijui kama ilifika kwao.
Najua tu niliivuta miezi kumi na minne
bila kutazama mwisho wake umefungwa wapi.

Jumapili nikaung'oa mwimo kwa nyundo na bisibisi.
Ulipasuka kidogo, hapo penye Pete.
Nikaufunga juu ya gari, nikaendesha polepole
hadi ghorofa zilizo kando ya reli, orofa ya tatu.
Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga vizuri sana.
Orville akautazama ubao, akaupitisha kidole gumba,
chini, juu, chini.
Maneno yangu yakanikauka kooni.

"Bomba la bafuni," akasema hatimaye,
"bado linalia usiku?"
"Linalia."
"Halijawahi kunyamaza, lile." Akaenda kutafuta spana.

Mwimo mwingine sijaweka.
Mlango wa jikoni haufungi sawasawa, baridi inapenya.
Alfajiri bado nafumba macho, sikuacha,
ila siku hizi, kabla ya kukanyaga ngazi ya kwanza,
nabisha hodi,
nasimama pale kwenye theluji,
nasikiliza kama kuna mtu ndani.