Fomu Yenye Safu Sita

Walinipa fomu yenye safu sita na pikipiki ya kukodi,
wakaniambia: Nereah, hesabu.
Hesabu wote katika kaunti hii wanaofanya kazi bila faida,
kabla mwaka wa fedha haujafungwa.
Nikacheka. Bila faida? Basi nianze na mama yangu.

Nilianza Milimani, kwenye malango yanayojifungua yenyewe.
Huko shirika lina bustani, lina mlinzi, na mlinzi wa mlinzi,
na mkurugenzi aliyesafiri.
Kila ofisi niliyoingia, mkurugenzi alikuwa amesafiri.
Safu zote sita zilijazwa kwa kompyuta.
Nikanywa chai yao. Hata ile chai ilikuwa na bajeti.

Kondele nikapanda ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi:
chumba kimoja, mashirika manne,
meza moja wanayopokezana kama mtoto mchanga.
Jumatatu walemavu, Jumanne mazingira,
Jumatano vijana, Alhamisi vijana wale wale
kwa jina jingine na muhuri mwingine.
"Dada, wafadhili hawapendi jina lililozeeka,"
akaniambia Zedekiah, katibu wa yote manne,
bila haya, akinipangusia kiti.

Nyalenda nilikuta kikundi cha mazishi:
hema, viti themanini, sufuria tatu za kulisha kijiji,
na daftari la waliokufa wakiwa na deni.
Deni husamehewa. Sufuria haisamehewi.
Obunga viziwi wana timu ya kandanda, refa wao hupunga kitambaa.
Dunga kuna watu ishirini wanaong'oa gugumaji ziwani.
Gugumaji hurudi.
Nao hurudi.

Karibu na Ahero, kando ya mpunga, kibao cha bati:
nembo imechunwa na jua, simu haipatikani,
na kwenye nguzo yake mbuzi amefungwa.
Shirika hili lilikufa lini? nikauliza.
"Halijafa," akasema mwenye mbuzi, "si unaona linanishikia?"
Nikaandika: mwanachama mmoja.

Nilipofika elfu moja na tisa nilikuwa nimeacha kushangaa.
Kisha masika yakanikuta ng'ambo ya Nyando.
Pikipiki ilizama hadi kwenye tangi,
nami nimesimama juu ya kichuguu, fomu kichwani,
nikaona watu wanane wamebeba mlango mabegani.
Mlango wa mbao, kitasa bado kinaning'inia,
na juu yake msichana mwenye uchungu wa kuzaa
amefunikwa gunia la mbolea.
Maji yaliwafika vifuani. Hakuna aliyeamrisha.
Wa mbele akijikwaa, wa nyuma walishajua.

Jioni, wakikausha nguo motoni, nilitoa fomu iliyolowa.
Jina la kikundi?
Wakatazamana.
Cheti? Akaunti? Mwenyekiti?
"Mlango ni wa Penina," akasema kijana mmoja, Owidi.
Nani alimchagua Penina?
"Hakuchaguliwa. Ni vile wa kwake hutoka upesi kwenye bawaba."
Na yeye analala bila mlango?
Penina mwenyewe akajibu, akikamua leso:
"Mvua ikinyesha hivi, mwizi naye yuko juu ya paa lake."

Yule mtoto alizaliwa. Hakuna safu ya hilo.

Ofisini, bosi alipitisha kalamu nyekundu.
Zedekiah akapita mara nne.
Kibao chenye mbuzi kikapita, maana kina nambari ya usajili.
Mlango ukakatwa.
Nilitaka kusema neno, lakini mkataba wangu
ulikuwa na siku tatu tu, na kodi ya nyumba haijui huruma,
kwa hiyo nikasema, "Sawa, mkubwa."

Naishi Nyamasaria. Mto hauko mbali.
Usiku ule niliwasha tochi, nikautazama mlango wangu:
bawaba tatu, skrubu kumi na mbili,
zote zimeshika kutu.
Nikatafuta mafuta ya taa, na bisibisi.