Baridi Yabisi, Mguu wa Kushoto

Gethin amefika, gari lake limejaa tope hadi madirishani.
Ndiye yule niliyempakia juu ya farasi akiwa na miaka sita,
akalia, akang'ang'ania manyoya ya shingo, akasahau kulia.
Leo ana mvi na begi la sindano,
na bado ananiita Bibi Eluned kana kwamba namdai ada.

Anaukunja mguu wako wa nyuma, wa kushoto,
juu, hadi karibu na tumbo,
anahesabu sekunde sitini kimoyomoyo.
Nami nahesabu. Wewe, Cadno,
unatazama ukuta kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.
Kisha: "Mkimbize!"
Nakukimbiza, mimi wa miaka sabini na tatu,
juu ya mawe ya ua, sote wawili tukichechemea,
hata Gethin hajui aandike jina la nani daftarini.

Wanaiita baridi yabisi.
Yabisi gani? Mvua inanyesha tangu Oktoba,
blanketi lako halikauki, nyasi zinaoza zikiwa zimesimama.
Labda ukavu wote wa bonde hili umehamia
ndani ya kifundo kimoja cha farasi.

Alinionyesha picha: mfupa, na mfupa,
na kati yao upenyo uliopaswa kuwa mpana kama ukucha.
Sasa ni uzi.
"Gegedu imekwisha hapa. Na hapa."
Kidole chake kimenyooka. Changu sikukitoa mfukoni.

Miaka kumi na minane umebeba watoto wa watu,
wale wanaovuta hatamu kama wanavuta ndoo kisimani,
na yule msichana wa Bronant asiyesema na mtu
aliyekumwagia yote sikioni, nami sikuuliza.
Cadno, yaani mbweha, kwa rangi yako.
Rangi imebaki.

Dawa ya usingizi inaingia shingoni.
Kichwa kinashuka, mdomo wa chini unaning'inia.
Gethin ananyoa kiraka cha ukubwa wa kiganja,
anasugua kwa dawa ya kahawia, anasuuza, anasugua tena.
Mara ya tano nasema inatosha, hata madhabahu haioshwi hivi.
"Kijidudu kimoja kikiingia humo, Bibi, tumempoteza."
Nanyamaza. Naenda kufunga mlango.

Anapapasa mfupa kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Ameipata. Tone linatokea, jepesi kama maji,
nalo lilipaswa kuvutika kama ute wa yai.
Hatusemi kitu juu ya tone hilo.
Kisha dawa yenyewe, haijai kijiko cha chai.
Kwa kijiko hicho nimeuza kondoo wanne.

"Itashika muda gani?"
"Miezi sita. Pengine minne."
Anavua glavu, kidole baada ya kidole.
"Haiponyi, Bibi. Inayatuliza maumivu, basi."
Hospitali nao walinipa tarehe ya goti langu,
sindano karibu ileile; nikasema nina nyasi za kukata.
Tarehe ikapita. Hilo sikumwambia Gethin.
Nadhani wewe ulisikia, ila ulikuwa umelala wima.

Siku mbili bandani. Siku ya tatu nimekutoa
alfajiri, mvua ikiwa imechoka.
Nimezoea ile ncha ya kwato inavyoburuta,
tak, tak, tak, kraa, miaka miwili sasa,
kama saa yenye jino bovu.
Leo nilisikiliza hadi langoni.
Tak, tak, tak. Kisha kitu kidogo sana.
Nikasimama. Ukasimama.
Nikainama kuangalia kile kiraka.
Ngozi yako chini ya manyoya ni ya kijivu, sikuwa najua.
Nikaweka kiganja: joto la kawaida, hakuna uvimbe.
Na wakati wa kuinuka goti langu likalia kama bawaba
mbele ya watu wote, yaani mbele yako.