Athari

Mwanangu hupiga simu kutoka Maskati
kuniuliza napata nini huku.
Namjibu: napata saa tisa na robo ya usiku,
kila siku ya nane,
nusu saa nzima.

Huku nusu saa ya maji ya falaji huitwa athari.
Nilipoletwa bi harusi, sijui neno la milimani,
nilicheka: kwetu athari ni kile kinachobaki
jambo likishapita,
kovu, au harufu ya mtu kwenye shuka.
Marehemu akanitazama, akasema, basi ndiyo hiyo hiyo.
Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na viatu vya kisigino kwenye njia ya mbuzi.

Nyumba arubaini na moja.
Zenye watu, kumi na sita.
Duka ni la Biju, mtu wa Kerala,
anayejua nani kapunguza sukari
na nani kadanganya kuwa kapunguza.
Lori la gesi huja Jumanne, kama wadi haikushuka;
ikishuka, twapikia kuni za mkunazi
na kila mtu asoma moshi wa jirani,
upi mweusi, upi umechelewa.
Siri hapa haivuki ukuta, huupenya.
Nikikohoa alfajiri,
Bi Zeyana aniletea asali adhuhuri
pamoja na lawama kwamba sikufunga dirisha.

Alhamisi jioni magari yanapanda.
Wajukuu wanashuka wakitafuta mtandao,
simu juu, kama wanaoomba dua,
wanaukuta kando ya tangi la msikiti.
Ijumaa, baada ya swala na wali na uteo wa malimau,
milango ya gari, vumbi,
na ukimya unarudi mlangoni
kama paka aliyengoja wageni waondoke.

Kiswahili changu nakisemea mbuzi.
Ana adabu, hakatizi maneno.
Mtende wa khalasi nimeuambia mengi
nisiyomwambia mume.

Sasa Yaarub kainunua nyumba ya kina Ghaniya,
katundika taa za rangi, kaweka vitanda,
na anataka kidimbwi, wageni waogelee
wakitazama mlima.
Anaitaka athari yangu.
Bei nzuri, asema mwanangu. Mama,
mitende yenyewe imebaki minane,
na miwili dume.
Nimesema nitafikiri.
Na hivi ndivyo ninavyofikiri: kwa tochi, kwa jembe fupi,
ndani ya koti la marehemu
ambalo mikono yake imenizidi.

Zamani zamu ilipimwa kwa nyota.
Yeye alizijua kwa majina, akinionyesha,
nami nikitazama kidole.
Leo napima kwa simu; inawika kama jogoo
nami naizima upesi kabla mbwa hawajajibu.
Navuta jiwe, navuta tambara lililoziba,
maji yanasita kizingitini,
kisha yanaingia bila hodi.

Mtende wa kwanza. Wa pili.
Mlimau una ukungu mweupe chini ya majani,
lazima nimwambie mtu.
Nasimama miguu ndani,
baridi inapanda hadi kwenye goti bovu,
na pale mferejini alipotia saruji
mwaka ule wa mafuriko, akaikanyaga ikali mbichi
akaapa kwa hasira kwamba angeifuta kesho,
upo unyayo wake, wa kulia,
kidole gumba kimepinda nje.
Maji yanaujaza kwanza huo
ndipo yaende kwingine.

Ng'ambo, taa ya Bi Zeyana imewaka.
Zamu inayofuata ni yake.
Asubuhi ataniuliza, mkono kiunoni,
kwa nini nilichelewa kufunga
dakika nne.