Siye Huyu

Jina lake kwenye fomu ni Enebish.
Kwa lugha ya kwao maana yake ni Siye Huyu.
Mama yake alizika wawili kabla yake,
basi huyu akapewa jina la kumpoteza njia
yule anayechukua watoto:
apite mlangoni, aulize, ajibiwe siye huyu,
aende zake.

Miezi minne na siku tisa. Kilo sita na nusu.
Wametoka Dornogovi kwa treni usiku kucha
na Ulaanbaatar imewapokea kwa moshi wa makaa
na baridi inayouma hadi kwenye meno.

Aliyeona kwanza hakuwa daktari.
Ni baba, Luvsandorj, mshona kofia.
Kila mwezi alimpima mwanawe kwa uzi mwekundu,
akafunga fundo, akakata kitambaa.
Mwezi wa tatu kofia ikagoma:
mbele na nyuma inabana, pembeni inapwaya.
Akashona nyingine. Ikagoma vilevile.
"Mkono wangu haujakosea," aliniambia,
akautoa uzi mfukoni na mafundo yake matatu
kama mtu anayetoa kielelezo mahakamani.

Mimi ni mpiga picha tu.
Ujuzi wangu mkubwa ni kulaza watoto bila sindano:
njaa kidogo, kisha kunyonya, kisha blanketi
limzungushwe mpaka ibaki pua.
Mionzi nimeishusha hadi pale
ambapo mfupa tu ndio unashindwa kujificha.
Dulmaa, mama yake, amevaa aproni ya risasi,
risasi ile isiyoua, inayokinga.
Mkono wake uko kwenye kifundo cha mguu wa mtoto.

Sekunde nne.

Fuvu linajijenga kwenye skrini, tabaka juu ya tabaka,
jeupe, bila ngozi, bila kile kicheko cha asubuhi.
Nalizungusha taratibu.
Mshono wa mbele uko wazi.
Wa kisogoni uko wazi, umepindapinda
kama mto ukiuona kutoka angani.
Ila wa katikati, unaotoka utosini kurudi nyuma,
haupo.
Pale palipopaswa kuwa na njia pana tuta.

Tumefundishwa kuziba ufa
tusije tukajenga ukuta.
Hapa ufa umezibwa mapema mno
na ukuta ndio ugonjwa.
Mfupa umefunga mlango
ubongo ukiwa bado unaingiza vyombo,
kichwa kikakua kule kilikoruhusiwa:
mbele, nyuma.

"Lakini utosi unapumua," mama anasema. "Nauona."
Unapumua, ndiyo. Ni barabara iliyo nyuma yake.

Anasogea. Anaiangalia picha muda mrefu,
matundu yale mawili ya macho,
taya lisilo na jino hata moja nje.
"Enebish," anasema.
Sikujua kama anamwita
au anamkana.

Daktari Ganzorig alieleza kwa penseli:
ukanda wa mfupa utakatwa, upana wa vidole viwili,
kabla ya mwezi wa sita, wakati fuvu bado lasikia la mkuu.
Halafu kofia ngumu, miezi kadhaa, mchana na usiku.
Hapo ndipo baba aliuliza swali lake la pekee:
"Bitana yake ni ya nini?"
Hakuna aliyejua.
Akatikisa kichwa, akaomba namba zangu,
akaulaza uzi juu ya rula.
Mashine na uzi vilitofautiana milimita mbili.
Alinitazama. Nadhani alikuwa ananisamehe.

Nilitia picha kwenye bahasha ya kaki,
nikaandika jina juu yake kwa kalamu nene,
herufi kubwa kuliko kawaida,
nikamwambia Dulmaa aishike hivi,
maandishi yakiangalia nje,
njia nzima, ukumbini, stesheni, ndani ya behewa.
Kama kuna anayepita anatafuta,
asome.
Asome vizuri.