Nyongo ya Mfalme wa Yue

Bwana Shen hununua mabondo tu; minofu haimhusu.
Hulipima moja moja kwenye mizani yangu pale Mwaloni,
huliinua juani kama noti anayoitilia shaka,
na umeme ukikatika, mizani ikizima, husimulia.

Palikuwa na mfalme, anasema, Goujian wa Yue,
aliyeshindwa vita akapelekwa kulisha farasi wa aliyemshinda.
Miaka mitatu akizoa mavi, mkewe akifagia ua.
Adui alipougua, Goujian akachovya kidole kwenye choo chake,
akaonja, akasema: utapona, ewe bwana.
Kwa ulimi huo akaachiliwa.

Nilikuwa napasua sato. Sikuinua uso.
Nami nilikaa Butimba miaka mitatu,
na siku niliyotoka nilimwamkia Lushinge aliyenishitaki,
shikamoo ya mikono miwili,
huku kizimba changu kina jina lake kwa rangi nyekundu.

Kurudi kwao, mfalme hakutaka godoro.
Alilalia kuni. Juu ya kichwa akatundika nyongo,
na kila asubuhi, kabla ya uji, akailamba:
Umesahau? Umesahau?
Miaka kumi, ishirini,
watoto waliozaliwa wakati wa aibu wakaota ndevu,
ndipo jeshi likavuka, Wu ikawa majivu.

"Basi akapumzika," nikasema.

Shen akatabasamu bila kuonyesha meno.
Mfalme alikuwa na washauri wawili. Mmoja aliusoma uso wake
katikati ya ngoma za ushindi; usiku huohuo akapanda mtumbwi, akatokomea.
Wa pili akabaki kungoja shukrani.
Akaletewa upanga, ajimalize mwenyewe.

Umeme ukarudi. Mizani ikawaka sifuri nyekundu.
Kilo mbili na robo. Akalipa, akaenda zake.

Wahenga walisema nyongo mkalia ini;
hawakusema anahama lini.
Ile ya Goujian, baada ya Wu,
nani alithubutu kuifungua kamba yake darini?
Au iliendelea kuning'inia, kavu, nyeusi kama zambarau,
naye akiilamba kwa mazoea, akitafuta wa kumchukia?

Jioni kisu kiliteleza, nyongo ya sato ikapasuka,
mnofu wote ukageuka kijani.
Lushinge akapita, akanisalimu. Ana kikohozi siku hizi.
Nilimjibu.
Niliosha ubao mara tatu. Kidole nilikinusa.
Leo sikukilamba.